Kabla Hajaitwa İpek

Kila mwaka, majani ya mforosadi yalipofikia ukubwa wa sikio la panya, Bi Nazmiye alifungua kijisanduku kilicholetwa kutoka Bursa, akamimina mayai ya viwavi wa hariri, ambayo wafugaji huyaita mbegu, ndani ya kifuko cha kitambaa laini, kisha akakitia kifuani, kati ya ngozi na shimizi. Mbegu hizo ni ndogo kuliko ufuta. Kwa siku kumi au kumi na mbili alitembea nazo, akapika nazo, akaswali nazo, akalala chali asije akaziponda. Mumewe, Hurşit, alijua kwamba siku hizo hafai kuudhiwa, maana wanawake wa Dutpınar waliamini mbegu husikia moyo unapokwenda mbio.

Dutpınar ni kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima, juu ya bonde la mto Sakarya. Hapakuwa na nyumba isiyofuga viwavi, lakini hapakuwa pia na nyumba iliyowafuga kama ile ya Nazmiye. Chumba chake cha viwavi kilikuwa na sheria, na sheria hizo alizirithi kwa mama yake pamoja na vichanja. Viatu hubaki nje. Aliyekula kitunguu haingii. Aliyetoka mazishini haingii mpaka aoge. Ndani hakuna kelele wala ugomvi, na anayeingia aseme maşallah kabla jicho lake halijawagusa. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mzazi ambaye hajatimiza arobaini hasogei hata kizingitini. Mama yake alimsimulia habari za mwanamke mmoja aliyechungulia mlangoni tu, akiwa na siku tisa tangu ajifungue, na kesho yake viwavi wote wakalegea wakaning'inia kama kamba za viatu zilizolowa. Nazmiye hakuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yake, ila kwa miaka thelathini na mitano ya kufuga hakuwahi pia kulijaribu.

Mwaka ule baridi iligoma kuondoka. Mwishoni mwa Aprili theluji iliangukia miforosadi iliyokwisha kuchipua, mto ukafurika, ukang'oa daraja la mbao, na njia ya kwenda Bilecik mjini ikafungwa. Asubuhi ambayo Nazmiye alifungua kifuko chake akakuta mbegu zimekuwa vijidudu vyeusi, kama nukta za wino zilizopata uhai, ndiyo asubuhi ambayo mkaza mwanawe, Saniye, alishikwa na uchungu. Mimba ilikuwa ya miezi saba tu.

Remzi, mume wa Saniye, alikuwa jeshini huko Kars, mpakani kabisa, akimalizia mwaka wake wa pili. Kabla hajaenda, yeye na mkewe walikuwa wamezika watoto wawili. Wa kwanza aliishi siku tatu, wa pili aliishi wiki moja. Wote wawili walipewa majina siku ya kwanza, na sasa majina yao yalikuwa kwenye vibao viwili vya mbao chini ya mlozi wa makaburini. Kwa hiyo mimba ya tatu iliyoachwa na Remzi aliporudi likizo ilipoanza kuonekana, Saniye, ambaye hakuwa msemaji, alimwomba baba mkwe wake neno moja tu: mtoto huyu asipewe jina mpaka amalize arobaini. Hurşit hakulipenda wazo hilo. Jina alikuwa nalo tayari. Akiwa wa kiume ataitwa kwa jina la baba yake, na akiwa wa kike ataitwa Ümmühan, jina la marehemu mama yake. Lakini alimtazama yule msichana, akaona namna alivyokuwa akiikunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua, akakubali.

Mtoto alizaliwa adhuhuri. Alikuwa wa kike, mwekundu kama figili, kichwa chake chote kimeenea katika kiganja cha mkunga Zekiye, na kucha zake bado hazijafika ncha za vidole. Hakulia. Alitoa sauti kama ya bawaba iliyokosa mafuta, akanyamaza, kisha akapumua. Mkunga alimfunga sufu akamsikiliza kwa muda mrefu.

"Hana ugonjwa," alisema. "Amewahi tu. Anachotaka ni joto, mchana na usiku, joto lisilopanda wala kushuka. Mkiwa nalo, ataishi. Msipokuwa nalo, msinitafute mimi."

Nazmiye alijua fika ni wapi mle nyumbani palipokuwa na joto la namna hiyo. Kipupwe kilikuwa kimerefuka kikala kuni zote isipokuwa rundo moja lililowekewa viwavi. Chumba kikubwa kilikuwa na meko ya ukutani yaliyotoa moshi mwingi kuliko joto, na upepo ulipenya chini ya mlango. Chumba cha viwavi kilikandikwa udongo kila upenyo, na jiko la chuma lilikokwa humo bila kuzimwa. Nazmiye hakutumia kipimajoto. Aliingia, akageuza shavu lake upande wa jiko, akajua kama ni sawa au si sawa.

Alimtazama mumewe. Hurşit alikuna kidevu.

"Chumba ni chako, mama Remzi," alisema. "Mimi hapo sina neno." Akatoka kwenda kupasua mbao za uzio wa mbuzi, ili kuni zisije zikaisha.

Nazmiye aliamua nusu ya jambo. Mtoto ataingia, mama yake atabaki nje. Alichukua chekeche kuukuu la kupepetea ngano, akalitandika sufu iliyochambuliwa, akamlaza mtoto humo, na chekeche akaliweka kwenye kichanja cha chini karibu na jiko, huku vijidudu vyeusi vikitambaa juu ya majani yaliyokatwakatwa katika vichanja vya juu yake. Kila baada ya muda alitoka, akapokea kikombe cha maziwa ambayo Saniye alijikamua, akarudi ndani, akachovya kijitambi cha pamba, akamwekea mtoto mdomoni. Saniye alikaa upande wa pili wa ukuta, amejifunika blanketi la kijeshi la Remzi, sikio kalibana ukutani. Nazmiye alipopita alimwambia, "Amekunywa," au "Amelala," na Saniye aliitikia kwa kichwa.

Siku tano zikapita hivyo. Alfajiri ya siku ya sita mtoto aliukataa utambi. Maziwa yalimtoka pembeni mwa mdomo. Nazmiye alimfinya unyayo kidogo, na mtoto hakukunja mguu. Aliyakagua majani, akalikagua jiko, akageuza shavu lake: joto lilikuwa lilelile. Basi akaelewa kwamba joto la chuma na joto la mtu ni vitu viwili. Mbegu ndogo kuliko ufuta yeye mwenyewe hakuziweka kando ya jiko. Alizibeba kifuani.

Alifungua mlango.

"Saniye, inuka. Ingia."

Saniye alisimama, lakini miguu haikusogea. Alitazama kizingiti kana kwamba ni ukingo wa kisima.

"Mama, viwavi watakufa."

"Wakifa, wamekufa. Ingia, mwanangu. Vua viatu."

Saniye alivua viatu. Aliingia huku amejikunyata, kama mtu anayepita chini ya tawi lenye miiba, akasema maşallah bila kuinua macho. Nazmiye alimkalisha sakafuni kando ya jiko, akamfungua vifungo vya gauni, akamtoa mtoto katika sufu akiwa mtupu kama alivyozaliwa, akamlaza katikati ya matiti yake, kisha akawafunga wote wawili kwa shali moja. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Mikono yake ilikuwa imelifanya jambo hilohilo majira thelathini na matano, kwa kiumbe kingine.

Jua lilipogusa dirisha dogo, Saniye alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, amenikwaruza." Nazmiye alisogea kuangalia. Vidole vya mtoto, vile visivyo na kucha za kutosha, vilikuwa vimeshika ngozi ya mama yake. Punde kichwa kikaanza kuhangaika huku na huko, kikitafuta.

Tangu siku hiyo Saniye hakutoka mle ndani ila kwa haja. Nazmiye aliwatazama viwavi kila saa akiingoja adhabu. Haikuja. Walikula, wakanenepa, wakageuka kutoka weusi wakawa wa rangi ya majivu, kisha weupe. Siku moja Saniye aliamka akawakuta wote wameacha kula. Maelfu ya viwavi walikuwa wamesimamisha vichwa, hawatikisiki, kila mmoja ametazama juu. Alidhani ndiyo mwisho wao, naye ndiye aliyeuleta. Nazmiye alimtuliza. Alimweleza kwamba kiwavi hulala mara nne kabla hajamaliza kazi yake, na kila usingizi huvua ngozi iliyombana. Asiguswe, asisemeshwe, asipewe jani. Watu wakae tu kimya mpaka aamke.

"Anajuaje wakati umefika?" Saniye aliuliza.

Nazmiye alifungua mdomo ajibu, akagundua hajui. Alikuwa hajawahi kuulizwa. Alibaki amesimama na taa yake kati ya vichanja, akawatazama viumbe wale walioinua nyuso zao kimya kama watu walio katika swala, na kwa mara ya kwanza tangu awe mwanamwali aliogopa kidogo ndani ya chumba chake mwenyewe, hofu nzuri, ile inayomfanya mtu ashushe sauti.

Baada ya usingizi wa nne ukaja ulaji mkubwa. Anayejua kazi ya hariri anazijua siku hizo nane. Viwavi wakiwa wanene kama kidole cha mwisho hula bila kupumzika, na meno yao madogo juu ya majani hufanya mvumo kama mvua ya wastani juu ya paa. Hurşit alishinda juu ya miti akikata matawi. Nazmiye alibeba mizigo, akatandika majani, akasafisha, akabeba tena. Mwaka mwingine Saniye angekuwa bega kwa bega naye. Mwaka huu Saniye alikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo ilikuwa imeanza kuota mashavu. Mtoto aliupenda ule mvumo. Viwavi walipokula alilala fofofo. Waliponyamaza, akaamka akanung'unika.

Siku ya tatu ya ulaji mvua ya kweli ilinyesha. Jioni ile Nazmiye alikuwa amechoka mpaka anaona vitu viwili viwili. Alitandika kichanja cha mwisho bila kuyafuta majani. Alijua, wakati mkono wake ukiyaweka, kwamba yana maji. Alijiambia kwamba mara moja haidhuru.

Keshokutwa yake viwavi wa kichanja kile walilegea, wakawa weusi, wakaanza kunuka. Ilibidi awatoe wote, wagonjwa na wazima, akawafukia nyuma ya zizi. Kijiji hakifichiki. Asubuhi hiyohiyo Bi Makbule, jirani wa chini, aliyekuwa akisikia harufu ya mkasa kabla haujapikwa, alipanda ngazi kuja kuomba chachu ya mtindi, ingawa ng'ombe wake walikuwa wawili.

Alisimama mlangoni akashusha pumzi. "Ah, dada yangu Nazmiye," alisema. "Sisi tulisema tukanyamaza. Mzazi na kiwavi hawakai chumba kimoja. Leo kichanja kimoja, kesho chumba kizima."

"Waliokufa niliwalisha majani mabichi ya mvua," alisema Nazmiye. "Kwa mkono huu hapa. Mzazi hakugusa hata jani."

"Wewe? Wewe ulishe majani ya maji? Labda unataka tu kumfichia mkweo."

"Basi nenda ukatangaze kisimani kwamba Nazmiye amezeeka, amekosea. Hiyo itawafurahisha zaidi, na ina faida moja: ni kweli."

Makbule aliondoka bila chachu. Ndani, Saniye alikuwa amesikia kila neno. Nazmiye aliporudi alimkuta anamwaga machozi bila sauti, mtoto bado yumo kifuani. Hakumwambia anyamaze. Aliketi kando yake, nyonga kwa nyonga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu bibi harusi huyo aletwe nyumbani, na wakawasikiliza viwavi wa vichanja saba vilivyobaki wakila.

Siku ya thelathini na nne tangu kuzaliwa kwa mtoto, viwavi waliacha kula kwa mara ya mwisho. Miili yao ilianza kung'aa, ikapitisha mwanga kama zabibu iliyoiva. Hurşit aliingiza matawi makavu ya mwaloni, akayasimamisha juu ya vichanja mpaka chumba kikawa kichaka, na viwavi wakaanza kupanda, kila mmoja akitafuta pembe yake.

Kila mwaka siku hizo zilimkuta Nazmiye yuko mbioni, akiinua walioanguka na kupanga matawi. Mwaka huu Saniye alishikwa na homa ya matiti, akalala katika chumba kikubwa chini ya mablanketi kwa siku moja na nusu, na mtoto akawa mikononi mwa bibi yake. Mtoto mikononi hamwachi mtu akapanda ngazi. Ikambidi akae. Na kwa kuwa alikaa, akatazama, na kwa kuwa mbele ya pua yake palikuwa na kiwavi mmoja katika panda ya tawi, akamtazama huyo mmoja.

Kiwavi aliinua kichwa, akagusa tawi kwa mdomo, akavuta. Mwanzoni Nazmiye hakuona kitu. Alipogeuza shingo, mwanga ukashika uzi, mwembamba kuliko unywele wa mtoto aliyempakata. Kiwavi akapeleka kichwa kushoto, akakirudisha kulia, kushoto, kulia, akiandika umbo lilelile la pete mbili zilizoshikana, bila kupumzika, bila kurudi nyuma kutafuta alipoachia. Alasiri bado alionekana ndani ya kazi yake kama mtu aliye nyuma ya pazia jepesi. Kabla ya magharibi akawa kivuli. Kesho yake asubuhi Nazmiye alirudi palepale na mtoto mkononi. Kivuli hakikuwapo tena. Palikuwa na kifukofuko cheupe, kigumu, chenye ukubwa wa yai la njiwa, na ukiweka sikio ulisikia ndani yake mkwaruzo mdogo: bado anafanya kazi, gizani, peke yake.

Alikuwa amevuna vifukofuko maelfu kwa maelfu. Alivijua kwa uzito, kwa rangi, kwa daraja. Alivitambua vilivyo vizuri, vilivyo vibaya na vile vya pacha. Sasa machozi yalimjia bila sababu aliyoweza kuitaja. Mnyama asiye na mfupa, asiye na jicho la maana, aliyekula jani tu. Vyote hivi vilitoka katika kinywa kile.

"İpek," alinong'ona. Katika lugha yao, ip ni uzi, na ipek ni hariri, uzi ulio juu ya nyuzi zote.

Mtoto aligeuza kichwa.

Saniye alikuwa amesimama mlangoni, amepona homa, amekuja kumchukua mwanawe. "Mama, umeona? Ameitika."

"Nilikuwa nasema na kiwavi."

"Yeye hajui hilo," Saniye alisema, na akacheka. Nazmiye hakukumbuka kama aliwahi kumsikia akicheka.

Habari kwamba mtoto aitwe İpek ilipomfikia Hurşit, alikataa. Si kwamba alikuwa mtu wa ubishi, lakini alikuwa amelitunza jina lake la Ümmühan kwa muda mrefu. Isitoshe, katika kijiji kile hapakuwa na mwanamke wala marehemu mwenye jina la İpek. Alisema hariri ni bidhaa, ina mnunuzi na ina mizani. Ukianza kuwaita watoto bidhaa, kesho Makbule atamwita wa kwake Tumbaku. Nazmiye hakubishana naye. Alisema tu kwamba siku ya arobaini atakokota uzi wa kifukofuko kimoja, kimoja tu, na akamwomba akae karibu ahesabu urefu wake.

Siku hiyo Saniye na mtoto waliogeshwa kwa maji yenye vijiwe arobaini, kama ilivyo ada, wakavikwa nguo safi. Kisha Nazmiye akaweka sufuria ya maji ya moto uani, akatumbukiza kifukofuko kile cha panda ya tawi, akakipapasa kwa kijifagio cha vijiti mpaka ncha ya uzi ikashika. Aliipitisha kwenye gurudumu la kukokotea, akampa Saniye mpini. Kwa kawaida hushikanishwa nyuzi za vifukofuko vingi pamoja, maana uzi wa kimoja hakuna atakayeuona kwenye nguo. Huu ulikuwa peke yake. Hurşit alipima gurudumu kwa kamba, akaona mzunguko mmoja ni sawa na hatua zake mbili, akaketi kwenye kigoda na tasbihi yake ya punje tisini na tisa, na kwa kila mzunguko akasogeza punje moja.

Tasbihi ilizunguka mara moja. Ikazunguka mara ya pili. Kifukofuko kilikuwa kikichezacheza majini, kikijigeuza, kikitoa, kama jambo lisilokigharimu kitu. Mara ya tatu Hurşit alisema, "Sasa utakatika." Haukukatika. Mara ya tano alivua koti. Saniye alikuwa akizungusha kwa upole uleule, midomo imebana, na kifukofuko kikaanza kuwa chepesi, kisha kikapitisha mwanga, na ndani yake kikaonekana kitu kidogo cha kahawia kilicholala. Mara ya saba ikamalizika, zikaongezeka punje thelathini na moja, na uzi ukaisha wenyewe, taratibu, bila kukatika hata mahali pamoja.

"Mia saba na ishirini na nne," alisema Hurşit. Alilitazama gurudumu. Lilionekana tupu, ila jua lilipoligusa palikuwa na mng'ao mdogo, kama pumzi juu ya kioo.

Alisimama, akavaa kofia yake, akatoka langoni bila kuaga. Nazmiye alipanda barazani juu amwone anakokwenda. Alikuwa anahesabu hatua, mbili kwa kila mzunguko wa uzi. Midomo yake ilikuwa ikienda. Alipita kisima, wanawake wakamsalimu, hakuitika. Alipita mbele ya duka la kahawa, wanaume wakamwuliza amepoteza nini, akawapungia mkono tu wasimvurugie hesabu. Akapita msikiti, akapita makaburi na mlozi wake, akaanza kupanda njia ya mashamba ya mizabibu, na bado anakwenda. Wanaume wawili watatu walitoka na bilauri zao mkononi wakamfuata kwa macho. Alizidi kuwa mdogo. Juu kabisa, mahali njia inapopinda kuelekea kijiji cha pili, alisimama. Kutoka barazani alionekana mdogo kama sisimizi. Nazmiye alimwona akigeuka kuelekea nyumbani, akabaki hivyo kwa muda mrefu, kisha akavua kofia yake.

Aliporudi jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Alitia udhu kwenye bomba la uani, akanyoosha mikono, na Saniye akamkabidhi mtoto. Alimwadhinia katika sikio la kulia kwa sauti ya chini, akamkimia katika la kushoto, kisha akamwinamia karibu zaidi, ndevu zake zikigusa shavu dogo.

"Jina lako ni İpek," alisema. "Jina lako ni İpek. Jina lako ni İpek."

Mtoto alikunja uso, akapiga chafya. Nazmiye alisema maşallah, na mkunga Zekiye, aliyekuja kumwona mtoto wa miezi saba akimaliza arobaini, akasema hivyohivyo.

Chai ilipoletwa, Hurşit aliishika bilauri yake bila kuinywa.

"Nilifika kwenye kona ya juu," alisema, "pale penye mizabibu ya marehemu Rüstem. Nilipogeuka, nyumba yetu niliiona ndogo kama kiberiti. Nikajiuliza, yule mdudu, njia yote ile alikuwa ameiweka wapi?"

Saniye alimpokea İpek, akamhamishia titi la pili, na uani kila mtu akamtazama anyonyavyo.